Meza ya kuhariri: "Nikifuta sentensi naona kama namfuta mama"

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja, watu mmemaliza kuandika, mmerudi kusoma mlichoandika, na hapo ndo mambo yameanza kuwa magumu. Nimechagua tano. Majina nimeyatoa, na barua nimezifupisha kidogo tu, maneno ni ya wenyewe.

SWALI: Shikamoo dada. Mi naandika kitabu cha maisha ya mama yangu, alikuwa anauza vitumbua stendi, ametulea watoto sita kwa vitumbua, alifariki mwaka juzi. Nimeandika miaka mitatu nimefika kurasa 280. Sasa kila nikifungua faili nianze kurekebisha najikuta nalia au nafunga laptopu naenda kufua nguo. Kuna sehemu naona kabisa hazina kazi lakini nikizifuta naona kama namfuta mama. Af kuna siku nasoma naona kitabu kizima ni takataka. Nimekuwekea mwanzo wa ukurasa wa kwanza hapo chini uone mwenyewe. – Msomaji, Morogoro

Mwanzo wenyewe aliotuma ni huu:

"Ilikuwa ni majira ya asubuhi ambapo jua lilikuwa limeshachomoza na ndege walikuwa wakiimba, mama yangu mzazi ambaye alikuwa ni mwanamke mchapakazi sana aliweza kuamka na kuanza zoezi la kupika vitumbua ambavyo alikuwa akiviuza katika kituo cha mabasi. Aliwasha jiko, alibandika chuma, alimimina mafuta, alisubiri. Katika mkono wake wa kushoto alikuwa na kovu la mafuta ambalo lilikuwa na umbo la jani la mwembe."

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mama. Nimeisoma barua yako mara tatu kabla sijagusa huo ukurasa.

Nianze na hayo machozi kwanza, maana ukiyaruka hutafika kwenye koma na nukta. Wewe unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Unasoma ili umkumbuke mama, na hapohapo unasoma ili urekebishe kitabu, na hizo kazi hazikai pamoja. Zitenganishe kwa siku kabisa. Printi kurasa zote 280, au kama printa ni gharama zihamishie kwenye simu, kaa mahali usome mwanzo mpaka mwisho bila kalamu mkononi. Lia, cheka, mpigie simu mdogo wako umsomee kipande. Siku hiyo usirekebishe hata herufi moja. Ukimaliza weka kando wiki mbili, ukiweza mwezi, ndo urudi na kalamu. Utakaporudi utakuwa umepoa kidogo, na sehemu zinazochosha utaziona haraka kwa sababu hutakuwa tena unajua kila neno linalofuata.

Sasa huo mwanzo. Nilikutumia meseji nikakuuliza, hiyo sentensi ya jua na ndege uliandikia wapi? Ukaniambia uliiandikia wodini usiku, mama amelala pembeni ana dripu, na ndo sentensi ya kwanza kabisa kuandika maishani mwako. Umeona mdogo wangu? Sentensi hiyo unaipenda kwa sababu ya ule usiku. Ukiisoma unaiona wodi, unasikia mama anavuta pumzi. Mimi msomaji sikuwepo wodini, mimi naona jua na ndege tu, na jua na ndege nimeshawaona kwenye insha za shule mara nyingi mno. Ndo maana inakuuma kuifuta na ndo maana inabidi iondoke hapo. Na kama ule usiku wa wodini una uzito huo, basi uandike wenyewe, uupe ukurasa wake, sasa hivi haupo popote kwenye kitabu.

Nimejaribu kupunguza tu, sijaongeza kitu changu hata kimoja:

"Mama aliamka, akawasha jiko, akabandika chuma cha vitumbua, akamimina mafuta, akasubiri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la mafuta lenye umbo la jani la mwembe."

Maneno yalikuwa 62 yamebaki 26. Mama amefutika? Mimi naona ndo kwanza anaonekana. Lile kovu mwanzoni lilikuwa limefunikwa huko chini, mtu anafika kwenye kovu ameshachoka na majira ya asubuhi. Stendi nimeitoa kwa muda tu, itakuja mama akifika stendi. "Mchapakazi sana" nimeitoa kabisa, mtu aliyeshawasha jiko na kubandika chuma sina haja ya kuambiwa ni mchapakazi.

Angalia na vitenzi. Wewe umeandika aliwasha, alibandika, alimimina, alisubiri, kila kimoja kinasimama peke yake kama watu wasiojuana kwenye foleni. Kiswahili kina -ka- kwa kazi hiyohiyo, -li- inafungua na -ka- zinaifuata mgongoni, aliamka, akawasha, akabandika, na msomaji anavutwa mpaka pale kwenye akasubiri. Bibi zetu wakisimulia hawakosei hapo hata siku moja, tunakosea sisi tukishika kalamu kwa sababu tunadhani maandishi yanataka ugumu.

Na kuna maneno nakuomba uyatafute kwenye kitabu chote: aliweza, zoezi la, suala zima la, ambaye, ambapo, katika, majira ya. Hayana kosa yakiwa mahali pake. "Aliweza kuamka" ni sahihi kama mama alikuwa mgonjwa wiki nzima na siku hiyo akajikongoja, hapo aliweza kweli. Kama aliamka tu kama siku zote, aliamka. Haya maneno tunayatoa kwenye taarifa za habari na hotuba za wageni rasmi, af yanahamia kwenye hadithi za mama zetu.

Vitu unavyovitoa usivitupe. Fungua faili jingine uliite akiba, kila unachokata kikate ukipeleke huko, kizima, pamoja na tarehe. Mi nina akiba za miaka mingi na mara nyingi sirudi kuchukua kitu, ila mkono unakata bila woga ukijua kipande hakijapotea.

Mpangilio wa kazi nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usianze na tahajia. Anza na stori yenyewe, sura ipi inakuja kabla ya ipi, wapi umerudia, wapi umeruka miaka bila kusema. Af ndo aya, af sentensi, af mwisho kabisa h na r na l. Ukianza na herufi utausafisha ukurasa mpaka ung'ae, halafu wiki ijayo ugundue ukurasa mzima hautakiwi, na hapo utashindwa kuutoa kwa sababu umeshautolea jasho.

Zile siku unazoona yote ni takataka, angalia saa. Nina hakika nyingi ni usiku baada ya kazi. Usiku ule usihukumu kitu, rekebisha namba za kurasa ukalale.

SWALI: Habari za kazi dada, naomba msaada wa haraka maana nimechanganyikiwa. Riwaya yangu mhusika alikuwa anaitwa Ali, nikaambiwa nibadilishe jina kwa sababu kuna Alia pia watu wanachanganya, nikaingia kwenye Word nikaweka tafuta Ali badilisha na Juma, nikabonyeza badilisha zote. Sasa serikali imekuwa serikJuma, alifika imekuwa Jumafika, maswali ni maswJuma, kurasa 190 zote, nimesevu na nimefunga na sina kopi nyingine. Nimekaa chini nimeshika kichwa. Kuna namna? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kaka, pumua kwanza, kitabu kipo. Kilichotokea ni kwamba kompyuta haijui kuwa Ali ni mtu, imetafuta herufi tatu tu, na kwenye Kiswahili hizo herufi ziko kila kona, hali, mali, asali, kali, na kila kitenzi cha mtu aliyefanya jambo jana. Ukiwa hujafunga unabonyeza kutendua na yanaisha. Ukishafunga inabidi urudi kwa miguu hivi, na kabla ya yote tengeneza kopi ya faili ufanyie kwenye kopi.

Kwanza uwafiche Juma wa kweli. Weka tiki kwenye kile kiboksi cha neno zima tu na kile cha kutofautisha herufi kubwa na ndogo, tafuta Juma, badilisha kuwa QQ, hakuna neno la Kiswahili lenye QQ. Bado neno zima tu, fanya hivyohivyo kwa siku za wiki, Jumatatu iwe QQtatu, Jumanne iwe QQnne, endelea na Jumatano, Jumamosi na Jumapili. Usiache kile kiboksi cha neno zima hapo, maana "alitatua" sasa hivi imeshakuwa Jumatatua na utaiharibu mara ya pili. Ijumaa achana nayo, j yake ni ndogo haiguswi. Baada ya hapo toa tiki ya neno zima, bakiza ya herufi kubwa na ndogo, tafuta Juma badilisha kuwa ali, zote. Serikali inarudi, maswali yanarudi. Kisha QQ irudishe kuwa Juma, na mhusika wako ameshapata jina jipya na Jumatatu zako zimerudi. Mwisho tafuta nukta ikifuatiwa na nafasi na ali, weka Ali yenye herufi kubwa, zile za mwanzo wa aya zitafute kwa macho, na huyo Alia naye sasa ameanza na a ndogo, mrekebishe.

Ukimaliza usome kitabu chote, kwa sauti, na huu si ushauri wa kukusumbua. Ukibadilisha neno kwenye Kiswahili mkia wake unabaki nyuma. Kuna mwandishi alibadilisha "gari" kuwa "daladala" sura nzima, ikawa daladala lilisimama, likapakia, likaondoka, wakati inatakiwa ilisimama, ikapakia, ikaondoka. Jicho linapita tu hapo kwa sababu linajua ulichokusudia, sikio ndo linakwama. Kama unaona haya kusoma kwa sauti nyumbani kumejaa watu, jirekodi kwenye simu chumbani, af usikilize ukiwa njiani kwenda kazini.

Na kila siku ukianza kazi sevu faili jipya lenye tarehe kwenye jina, na ujitumie moja kwa barua pepe kila wiki. Nakuomba sana kwenye hili.

SWALI: Anti tumefiwa na baba, kaka zangu wamenipa mimi kuandika wasifu wa marehemu kwa sababu nimesoma. Nimeandika kurasa nne kwa kompyuta, kamati inasema nina dakika tano tu. Nipunguze nini, baba yangu hapungui. – Msomaji, Mbeya

JIBU: Huyu nilimjibu siku ileile kwa simu maana maziko hayasubiri jarida litoke, naweka hapa kwa ajili ya wengine. Nilimwambia achukue simu, aweke saa, asome kwa sauti taratibu kama atakavyosoma mbele za watu, na alipofika dakika ya tano aweke alama. Alama ilikaa mwisho wa ukurasa wa pili, na mpaka hapo alikuwa bado yuko kwenye shule alizosoma baba na vituo vya kazi na miaka ya kupanda cheo. Nusu nzuri yote ilikuwa nyuma ya alama.

Basi shule na vyeo vyote tukavibana vikawa sentensi mbili. Kuzaliwa, ndoa, watoto na ugonjwa havikuguswa, hivyo watu wanavisubiri na vina utaratibu wake. Tukabakiza jambo moja tu la baba, alikuwa na daftari la madeni ya dukani na kila mwisho wa mwaka alikuwa anachana kurasa za wajane. Hilo akalisoma lote, bila haraka. Zile kurasa nne nzima alizitoa kopi, kila mtoto akapata ya kwake, kwa hiyo baba hakupungua.

SWALI: Mambo dada. Nina hadithi fupi kurasa 9, nimeirekebisha mara 11, kila nikitaka kutuma kwenye shindano naona bado. Tarehe ya mwisho imenipita mara mbili. Unajuaje kwamba imeiva? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Angalia marekebisho yako ya mwisho yalikuwa ya nini. Kama uligundua mhusika anakufa ukurasa wa 4 na anakunywa chai ukurasa wa 7, endelea, bado. Kama ulitoa koma jana na leo umeirudisha, kazi imeisha na kilichobaki ni hofu, na hofu haitibiwi kwa koma, kaka yangu.

Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar ikatoka 1963, akiwa na nchi changa mkononi. Mwaka 1969 akaitoa upya ikiwa imerekebishwa, mpaka jina la jaladani likawa Juliasi Kaizari. Mimi hiyo miaka 6 ya katikati ndo inanigusa. Hakuificha ile ya kwanza kabatini mpaka iwe kamili, aliiachia watu wakaisoma, akaishi nayo, akarudi kuinyoosha, na mwaka huohuo wa 1969 akatoa na Mabepari wa Venisi. Kwa hiyo ukituma leo hujaapa kwamba hutaigusa tena. Hadithi yako ikikosa zawadi itarudi mezani kwako na utaisoma kwa macho mengine kabisa.

Safari hii panga siku yako ya mwisho iwe siku nne kabla ya ile ya shindano. Siku ya kwanza mpe mtu mmoja anayependa kusoma, usimuulize "ni nzuri?" maana atasema nzuri, muulize "ulichoka wapi?" na "wapi ilibidi urudi kusoma tena?" Rekebisha hapo tu. Af tuma asubuhi, usitume usiku, usiku utaifungua tena.

SWALI: Dadangu, mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Naandika hadithi za nyanya yangu. Yeye husema "ndoo hapa", "mato yangu", "sina ndia", nami nilipoanza kusahihisha nikageuza yote, njoo, macho, njia, ili yawe sanifu. Nilipomaliza nikasoma nikaona huyu si nyanya yangu, ni mtangazaji wa redio. Lakini naogopa nikiacha nitaambiwa sijui Kiswahili. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Rudisha. Rudisha leo, kabla hujazoea kusikia sauti hiyo nyingine kichwani.

Tuelewane kwanza sanifu imetoka wapi. Ni mwaka 1928, hapohapo mjini kwako Mombasa, ulipokaa mkutano ukachagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar mjini, kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia vitabu na kufundishia, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kusimamia. Ilikuwa kazi ya kuwawezesha watu wa nchi nne kusoma kitabu kimoja. Hakuna aliyethibitisha kwamba "mato" ni kosa. Muyaka, mshairi wa hapo Mombasa, alitunga kwa Kimvita, lahaja hiyohiyo ya nyanya yako, karibu miaka mia moja kabla ya mkutano huo. Na mshairi Abdilatif Abdalla alipofungwa Kenya, 1969 mpaka 1972, mashairi aliyotungia gerezani ni ya Kimvita, yakatoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na vyuo vikuu vinayasoma mpaka leo. Kwa hiyo hofu yako ya kuambiwa hujui Kiswahili iweke chini, hao wamekutangulia.

Ila kuacha Kimvita hakumaanishi kuacha kuhariri, na hapa ndo penye kazi yako hasa. Ukiandika "mato" ukurasa wa 3 na "macho" ukurasa wa 5, na mdomo ni uleule wa nyanya, msomaji wa Iringa atadhani ni kosa la chapa, na atakuwa na haki. Chukua daftari, chora mstari katikati, upande mmoja andika neno la nyanya upande wa pili la sanifu, mato na macho, ndia na njia, mtele na mchele, nti na nchi. Amua nani anasema lipi. Nyanya anasema Kimvita siku zote, hata akiwa na hasira, hasa akiwa na hasira. Wewe msimulizi chagua moja, mimi nakushauri usimulie kwa sanifu unayoizungumza kila siku, ili msomaji wa mbali awe na mahali pa kushika, lakini ukichagua vingine daftari lifuate.

"Ndoo" ndo itakusumbua, maana Bara ndoo ni ya maji. Usiweke maelezo chini ya ukurasa. Mfanye nyanya anyooshe mkono, au mtoto ainuke aende. "Ndoo hapa," nikaenda nikakaa kwenye mkeka miguuni pake. Msomaji ameshaelewa, na nyanya hajaguswa.

Af jambo la mwisho, kama nyanya yupo hai mketishe umsomee. Usimwambie unatafuta nini. Msomee tu maneno yake mwenyewe, na pale atakapokukatiza akwambie "hata, mimi sisemi hivyo", simama uandike alivyosema.